Msimbo Uliokuja na Ruhusa Yake

Soko kuu la Bunia huamka na simu mkononi. Mama anayeuza samaki wa Ziwa Albert hapotezi muda kuandika. Anabonyeza alama ya maikrofoni, anamuuliza mtu wake wa Kasenyi kama mitumbwi imerudi na bei ya leo ikoje, anaachia kidole, anaendelea kupanga mafungu yake. Jibu nalo linakuja kwa sauti. Kiswahili, Kialur, Kihema, Kilendu, Kinande, Lingala: lugha ambazo wengi wetu tunazisema vizuri kuliko tunavyoziandika zinapita hewani mchana kutwa. Fungua simu ya Android, tafuta mahali WhatsApp inapohifadhi sauti hizo, na utakuta majina marefu yanayoanza na herufi PTT, kisha tarehe, na mwisho wa kila jina nukta na neno opus.

Opus ni kodeki, yaani kanuni za kuigeuza sauti ya mtu kuwa tarakimu chache iwezekanavyo na kuzirudisha kuwa sauti upande wa pili. Kanuni hizo zimechapishwa katika waraka uitwao RFC 6716, wa Septemba 2012. Waraka huo una jambo ambalo nyaraka nyingi za viwango duniani hazina: programu yenyewe imo ndani yake, pamoja na ruhusa ya kuichukua, kuibadilisha, kuiuza na kuigawa bila kumwomba mtu yeyote. Ruhusa hiyo ilitafutwa, ikakosewa, ikagombaniwa, na kutoka waraka wa kwanza wa RFC mpaka huo wa Opus ilipita miaka 43. Naisimulia historia yake kutoka hapa Ituri kwa sababu naamini sisi tulio mbali na mawakili na ofisi za leseni ndio tunaoihitaji kuliko wengine.

Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika kurasa chache kuhusu jinsi kompyuta za mtandao mpya wa ARPANET zingezungumza. Hakutaka aonekane anawapangia wakubwa, kwa hiyo akauita waraka wake ombi la maoni, na herufi RFC zikabaki kuwa jina la maelfu ya nyaraka zilizofuata. Jon Postel akawa mhariri wa nyaraka hizo, akaishika kazi hiyo mpaka alipofariki Oktoba 1998. Nyaraka zilinakiliwa na kupelekwa kwa posta, baadaye zikapitishwa kwenye mtandao uleule zilioueleza. Kwa miaka mingi hazikubeba tangazo lolote la hakimiliki, na sidhani kama kulikuwa na aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo.

Sheria ya Marekani ya wakati ule iliwaruhusu kutojali. Kazi iliyochapishwa bila tangazo iliweza kuangukia mikononi mwa umma. Kisha sheria ikageuka. Tarehe 1 Machi 1989 Marekani iliingia Mkataba wa Berne, na chini ya mkataba huo kazi inalindwa tangu inapoandikwa, hata kama mwandishi wake hakutia neno la kuidai. Kwetu, Congo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilikuwa imeshatoa sheria yake ya haki za waandishi tarehe 5 Aprili 1986. Kwa mtu wa programu maana yake ni nzito: ukikuta msimbo usio na maneno ya ruhusa, basi huna ruhusa. Ukimya wa mwandishi, ambao zamani ulimwachia kila mtu kazi ile, sasa ulimkataza kila mtu.

Hapo ndipo matatizo ya nyaraka za viwango yalipoanza, maana nyingi zina msimbo ndani yake. Wahandisi huuweka kwa sababu maneno huteleza. Mmoja akiwa Tokyo na mwingine Helsinki, wakisoma aya moja, wanaweza kujenga vitu viwili visivyoelewana, na kila mmoja akaapa kwamba amefuata kiwango. Mistari 50 ya lugha ya C hupunguza ubishi huo. Anayejenga kifaa huichukua mistari hiyo, huiweka ndani ya programu yake, huirekebisha ikae vizuri. Hicho ndicho kitendo ambacho sheria ya hakimiliki inataka kiwe na idhini.

Mfano wa mapema unaonyesha jambo hili wazi. Aprili 1992 Ronald Rivest wa MIT alitoa RFC 1321, yenye MD5, njia ya kukokotoa alama fupi inayotambulisha faili. Aliyewahi kupakua faili kubwa kwa mtandao wa kukatikakatika, akataka kujua kama imefika nzima, huenda amekutana na alama hizo. Mwishoni mwa waraka kulikuwa na msimbo kamili, na juu ya msimbo tangazo la kampuni ya RSA Data Security: kunakili na kutumia kunaruhusiwa, mradi kila mahali programu hii inapotajwa, jina la kampuni litajwe nayo. Sharti hilo peke yake si zito. Lakini programu moja ya kawaida inaundwa na vipande vya waandishi mamia. Kila mmoja akidai jina lake litajwe katika kila tangazo, tangazo lenyewe litageuka orodha ya majina. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikuwa na sharti la namna hiyo katika leseni yake ya BSD, na mwezi Julai 1999 kiliamua kulifuta.

Mwaka huohuo L. Peter Deutsch, aliyeandika programu ya Ghostscript, aliiandika MD5 upya. Kichwani mwa faili yake alieleza kwa uangalifu kwamba alifuata maneno ya RFC pamoja na mifano ya majaribio, na kwamba katika sehemu nyingine zote za nyongeza, zile zenye msimbo wenye hakimiliki, hakuchukua kitu. Nimelisoma tangazo hilo na linanisikitisha. Fundi wa kiwango cha juu anakaa na waraka uliochapishwa ili usaidie watu wote, anasoma maneno, na anapofika kwenye msimbo uliowekwa pale kumrahisishia kazi, anatazama kando ili asije akashtakiwa.

Wakati huo nyaraka hizi zilikuwa chini ya IETF, jumuiya ya wahandisi wa intaneti iliyokutana mara ya kwanza San Diego Januari 1986, watu 21 tu. Haina kadi za uanachama. Mwenye hoja huileta, ikajadiliwa. Oktoba 1996 jumuiya iliandika utaratibu wake katika RFC 2026, iliyohaririwa na Scott Bradner, na humo likaingia tangazo la hakimiliki kwa jina la shirika la Internet Society. Tangazo lilikuwa karimu kwa nusu. Liliruhusu kunakili na kusambaza waraka, na kuandika kazi zinazoufafanua au kusaidia kuutekeleza. Lakini waraka wenyewe haukuruhusiwa kubadilishwa. Nia ilikuwa njema: mtu asichukue kiwango, akageuza namba mbili, akakitangaza kwa jina lilelile. Ila msimbo ulikuwa sehemu ya waraka, na hakuna mstari uliosema kwa uwazi kwamba katazo la maneno haliugusi msimbo.

Waliokwama kwanza ni watu wa programu huria. Debian, mfumo wa uendeshaji ulioanzishwa 1993 na ambao Ubuntu umejengwa juu yake, una kanuni kwamba kila kilichomo lazima kiweze kubadilishwa na kugawiwa na yeyote. Waliposoma tangazo la RFC waliona halitimizi kanuni hiyo. Kifurushi kilichobeba nyaraka hizo kilihamishiwa upande wa vitu visivyo huru, na nakala zilizokuwa ndani ya vifurushi vingine zikaanza kuondolewa moja baada ya nyingine. Anayeishi mahali penye umeme na intaneti ya saa 24 anaweza kudharau jambo hilo, maana nyaraka zipo mtandaoni bure. Lakini anayejifunza kompyuta mahali ambapo jenereta huzimwa na mega huisha anategemea kilichokuja ndani ya diski au kwenye flashi. Kitabu kikiachwa nje ya mfumo, kwake ni sawa na kitabu kisichokuwepo.

Aliyelibeba suala hili kwa uvumilivu kuliko wengi ni Simon Josefsson wa Uswidi. Yeye ndiye mwandishi wa Libidn, programu ya majina ya tovuti yenye herufi zisizo za Kiingereza, na kazi hiyo ilimkutanisha na RFC zenye majedwali na msimbo. Aliandika barua, akafungua malalamiko kwenye vifurushi vya Debian, akapendekeza maneno ambayo waandishi wa RFC wangeweza kuyaongeza ili kutoa ruhusa iliyo wazi. Kulikuwa na mfano mmoja mzuri wa kuonyesha. Machi 2003 Adam Costello alichapisha RFC 3492, ya Punycode, njia ya kuandika majina ya aina hiyo kwa herufi za kawaida, na kwa hiari yake akaweka kifungu cha leseni: yeyote atumie, abadilishe na agawe waraka huu wote pamoja na msimbo wake, mradi asiwanyime wengine haki hiyo wala asidanganye kuhusu mwandishi au toleo. Aya moja tu, na hakuna aliyelazimika kuandika upya chochote.

Desemba mwaka uliofuata ikaja hali ya kinyume. RFC 3951 ilieleza iLBC, kodeki ya sauti iliyobuniwa na kampuni ya Global IP Sound mahususi kwa mitandao inayopoteza vipande vya sauti njiani. Kwa mazingira yetu ingefaa mno. Msimbo wote ulichapishwa ndani ya waraka, lakini aliyetaka kuutumia alipaswa kufuata masharti ya kampuni. Hali ilibadilika baada ya Google kuinunua kampuni hiyo mwaka 2010 na kuuachia msimbo huo mwaka 2011 ndani ya WebRTC, mradi wake wa maongezi ya sauti na video kwenye vivinjari, kwa leseni huria. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa dunia ilikuwa na kiwango kilichochapishwa, msimbo unaoonekana kwa macho, na ruhusa iliyoegemea hiari ya mwenye mali.

Desemba 2005 iliundwa IETF Trust, chombo cha kushika hakimiliki za jumuiya kwa niaba ya wote. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2008, zikatoka nyaraka mbili za kurekebisha mambo. RFC 5377, iliyohaririwa na Joel Halpern, iliishauri Trust kwamba msimbo ulio ndani ya nyaraka uruhusiwe kutumika na kubadilishwa kwa upana wote, katika programu huria na za kibiashara pia. RFC 5378 iliwataka waandishi waipe Trust haki za kutosha ili iweze kutoa ruhusa hiyo. Nayo Trust ikachagua leseni ya BSD. Orodha ikaandikwa ya vitu vinavyohesabiwa kuwa msimbo: lugha za programu bila shaka, lakini pia sarufi za ABNF, maelezo ya ASN.1, moduli za MIB na kadhalika. Alama zikawekwa za kuonyesha msimbo unaanzia wapi na unaishia wapi katikati ya aya. Maneno ya kawaida yakabaki na ulinzi wa zamani. Hatimaye mstari ulichorwa kati ya vitu hivyo viwili.

Ila mstari huo ulichorwa kuanzia pale, na nyaraka za nyuma zilikuwa zaidi ya 5,000. Kiwango kipya mara nyingi huchukua aya na msimbo kutoka kiwango cha zamani. Chini ya RFC 5378, mwandishi wa leo alitakiwa kuthibitisha kwamba hata walioandika zile aya za kale wametoa haki hizo mpya. Wengine walikuwa wamehama kazi, kampuni za wengine zilikuwa zimeuzwa mara mbili, na Postel, ambaye kalamu yake imo katika nyaraka nyingi za msingi, alikuwa ameshazikwa miaka 10. Kazi za jumuiya zilitishia kusimama. Februari 2009 ikapatikana njia ya kupita: waraka wenye maneno ya kabla ya tarehe 10 Novemba 2008 unaweza kubeba tangazo la kueleza kwamba huenda baadhi ya wenye haki hawakuidhinisha mabadiliko nje ya IETF. Tangazo hilo bado linaonekana katika RFC mpya. Naliona kama malipo ya ukimya wa tangu 1969. Ruhusa ambayo ingeandikwa kwa dakika moja wakati mwandishi yuko hai haikuweza tena kupatikana kwa kamati nzima ya wanasheria.

Kabla ya kufika kwenye Opus kuna tukio moja linalotugusa sisi wa mashariki moja kwa moja. Congo ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, na sisi saa mbili. Simu iliyoko Bunia inalijua hilo kwa sababu ndani yake mna hifadhi ya majira ya dunia, na katika hifadhi hiyo tumeandikwa chini ya jina Africa/Lubumbashi. Kwa miaka mingi hifadhi hiyo ilitunzwa kwa kujitolea na Arthur David Olson, mtumishi wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, pamoja na Paul Eggert wa Los Angeles. Waliiacha iwe mali ya umma, na simu, seva, benki na ndege zikaitegemea.

Tarehe 30 Septemba 2011 kampuni ya Astrolabe, inayouza programu za unajimu, iliwashtaki wote wawili mahakamani Boston. Ilidai kwamba taarifa za saa za zamani zilitoka katika atlasi ambayo yenyewe ina haki nayo. Tarehe 6 Oktoba Olson alifunga seva na orodha ya barua pepe. Kwa siku chache hifadhi inayoziambia kompyuta za dunia saa ngapi haikuwa na nyumba. Tarehe 14 Oktoba ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, iliipokea, shirika la EFF, linalotetea haki za kidijitali, likawatetea washtakiwa, na tarehe 22 Februari 2012 Astrolabe iliondoa kesi, ikaomba radhi na kukubali kwamba matukio ya historia si mali ya mtu. Mwezi huohuo ikatoka RFC 6557, ya Eliot Lear na Eggert, iliyoeleza rasmi nani anatunza hifadhi hiyo na kwamba inabaki mali ya umma. Kesi ile haikuwa na msingi, lakini iliweza kuwafungia mlango watu wawili waliofanya kazi bila malipo, na ilichukua karibu miezi mitano kuifuta. Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa na shirika lenye mawakili nyuma yao.

Sasa Opus. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa IETF wa Stockholm na kisha wa Hiroshima, kundi la wahandisi lilileta ombi: intaneti iwe na kodeki yake ya sauti, nzuri, isiyo na ada. Wengine walipinga. Walisema kodeki ni kazi ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, na mashirika ya simu, na kwamba hati miliki za uvumbuzi zimejaa katika eneo hilo kiasi kwamba hakuna atakayepita salama. Kikundi kiliundwa hata hivyo mwaka 2010. Shirika la Xiph.Org lilileta CELT, kazi ya Jean-Marc Valin wa Quebec, iliyofaa kwa muziki. Skype ilileta SILK, ya Koen Vos, iliyofaa kwa maongezi. Pamoja na Timothy Terriberry walizishona mbili hizo kuwa moja, na Septemba 2012 RFC 6716 ikachapishwa.

Ina kurasa 326. Mtu akiusoma waraka huu anapita maelezo marefu ya hesabu, kisha anafika kwenye Nyongeza A na kukuta kitu cha ajabu: kurasa baada ya kurasa za mistari inayoanza na alama tatu za reli, ikifuatiwa na herufi na tarakimu zisizosomeka. RFC za wakati ule zilikuwa maandishi matupu, kwa hiyo waandishi waliufunga msimbo wote, wakaugeuza kuwa herufi, wakaupachika humo. Waliandika pia amri fupi ya kuutoa: chukua mistari yenye alama zile, ondoa alama, fungua kifurushi. Mwanafunzi wa Bunia mwenye faili hiyo moja kwenye flashi, bila mega hata moja, anaweza kujitolea programu kamili ya Opus na kuijenga kwenye kompyuta yake.

Na waraka unasema jambo ambalo ndilo kiini cha simulizi hii. Kiwango chenyewe ni msimbo wa kufungulia sauti. Maneno na msimbo vikipingana, msimbo ndio unaoshinda. Katika viwango vya zamani msimbo ulikuwa msaada, na aliyenyimwa aliweza, kama Deutsch, kuurudia kutoka kwenye maneno. Katika Opus asiyeruhusiwa kuugusa msimbo hajaruhusiwa kukigusa kiwango. Ndiyo maana waandishi hawakuridhika na leseni ya BSD peke yake, ambayo ilikwisha kuufungulia msimbo. Waliongeza kifungu cha masharti ya kunakili kinachoachia hata maneno ya waraka: nakili, tumia, gawa, ukibadilisha au usibadilishe, bila ada, mradi usidanganye kuhusu mwandishi wala toleo. Roho ya aya ya Costello ya mwaka 2003 imo humo. Wenye hati miliki waliochangia teknolojia, Xiph, Broadcom na Microsoft iliyokuwa imeinunua Skype, nao walitoa haki zao bila malipo. Leseni ya msimbo bila hiyo isingetosha, kwa sababu hakimiliki na hati miliki ni vizuizi viwili tofauti, na kuvuka kimoja si kuvuka cha pili.

Linganisha na sauti inayopita ukipiga simu ya kawaida. Kodeki iliyotawala hapo kwa miaka mingi ni AMR, iliyopitishwa na 3GPP, muungano wa viwango vya simu za mkononi, mwaka 1999. Nayo ina msimbo wa C, umechapishwa, na yeyote anaweza kuupakua. Lakini nyaraka za 3GPP zina tangazo kwamba hakuna sehemu yake inayoweza kutolewa upya ila kwa idhini ya maandishi, na hati miliki za AMR zilikuwa na wakala wake wa kukusanya ada. Kampuni kubwa ya simu ililipa na kuendelea. Kijana anayetaka kutengeneza programu ya kuhifadhi hadithi za wazee wa Djugu, hapa Ituri, hana wa kumwandikia barua hiyo, wala hangejua aandike lugha gani. Programu huria zilipata pa kushika kwenye AMR baada ya Google kuachia, ndani ya Android, msimbo mwingine ulioandikwa na kampuni ya PacketVideo.

Ujumbe wa sauti uliingia WhatsApp mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya RFC 6716. Hesabu yake kwa mfuko wa mtu ni hivi: maongezi yakikodiwa kwa kilobiti 16 kila sekunde, dakika nzima ni kilobaiti 120 tu. Kwa mtindo wa zamani wa simu za mezani, wa kilobiti 64, dakika hiyohiyo ingekuwa kilobaiti 480, mara nne ya mega. Opus inaweza kushuka hadi kilobiti 6 na kupanda hadi 510. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kuingia Ituri, mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, sauti hizi zilibeba maelekezo ya afya, na uvumi pia. Tangu hali ya dharura ya kijeshi itangazwe Mei 2021, zinabeba habari za barabara: nani amepita, wapi hapapitiki leo. Hakuna hata mmoja kati ya wanaozituma aliyeombwa asaini leseni.

Mwaka huohuo wa 2021, IETF Trust ilirekebisha kosa lililokuwa limekaa miaka 12. Maandishi yake yaliiita leseni yake jina la ile BSD fupi, yenye masharti mawili, wakati maneno iliyoyaweka yalikuwa ya ile yenye masharti matatu, ambayo inakataza pia kutumia majina ya wachangiaji kujitangazia biashara. Waliokuwa wakisoma jina walidhani wamepewa leseni moja. Waliokuwa wakisoma maneno walijua ni nyingine. Jina likabadilishwa, maneno yakabaki. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba hata wenye nia njema na wanasheria wazuri wanahitaji mtu wa kuwasoma neno kwa neno.

Kazi haijaisha. Machi 2024 lilitoka toleo la 1.5 la Opus, likiwa na mitandao ya neva iliyofunzwa kwa sauti za watu, na uwezo mmoja unatuhusu sana: kila pakiti ya sauti inaweza kubeba muhtasari wa karibu sekunde nzima iliyotangulia, ili mtandao ukipoteza vipande, maneno yasipotee. IETF ina kikundi kinachotayarisha nyongeza hizo ziwe kiwango. Lakini hapa msimbo wa C ni sehemu ndogo tu. Kinachofanya kazi hasa ni mamilioni ya namba zilizopatikana kwa mafunzo, ambazo hakuna mtu aliyeziandika kwa mkono, na ambazo ni nzito mno kufungwa katika mistari yenye alama tatu za reli. Je, namba hizo ni msimbo kwa maana ya orodha ya 2008? Zikiwa ni msimbo, zinapata leseni ya BSD zikiwa ndani ya waraka, au zikae nje na zitafutiwe ruhusa yake? Na kama kiwango hakifanyi kazi bila hizo, basi zinapaswa kuwa wazi kama msimbo wa mwaka 2012 ulivyokuwa wazi. Hilo lajadiliwa sasa, kwenye orodha za barua pepe ambazo mtu yeyote anaweza kujiunga nazo bila kulipa, akiwemo mtu wa Bunia.